Sista wa Taa za Miche

Watu wa Kilindoni walimjua Sista kwa sindano. Mimi nilimjua kwa taa. Alipostaafu uuguzi hakurudi kwao bara kama walivyofanya wenzake. Alibaki kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya soko, akatoa magunia kwenye chumba cha stoo, akapaka kuta chokaa, akakifanya kitalu cha miche. Siku hizi ameshahama, yuko bara kwa mtoto wa dada yake, na nasikia wauzaji wa taa wa mji ule wakimwona anakuja hujifanya wanapokea simu. Sishangai. Hapa kisiwani walifanya vivyo hivyo.

Hakuwa mkali, wala hakuwa mchoyo. Alikuwa haamini tu. Ukimwambia mvua inakuja, alitoka nje kutazama. Muuzaji akimwambia samaki ni wa leo, aliinua shavu la samaki kwa kidole, taratibu, huku akimuuliza habari za watoto. Neno lake la kila siku lilikuwa, "Sikatai. Nauliza tu." Na alipouliza ulimwona muuguzi wa zamani amerudi wodini: swali fupi, kimya kirefu, halafu swali lile lile kwa upande mwingine.

Mimi ni fundi wa redio, feni na vitu vya namna hiyo. Sikusomea umeme darasani. Nilijifunza kwa kufungua vilivyoharibika na kwa kusoma vitabu vilivyoachwa na wengine, nikirudia ukurasa mpaka uingie. Nadhani ndiyo maana alinivumilia. Mtu mwenye cheti angemwambia amwamini kwa kuwa amesomea. Mimi nilikuwa nasema ngoja tupime. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyoingia nyumbani kwake, hakuniacha peke yangu chumbani mwa taa hata mara moja. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mlango, akashona au akachambua mchele, na jicho lake moja lilikuwa kwangu.

Mgeni anaweza kushangaa mtu wa kisiwa cha Mafia anatafuta nini kwenye taa, jua lote hili likiwa nje. Lakini miche ya mboga za wageni ni kitu cha kudekezwa. Masika inaipiga mpaka inalala. Konokono wanaimaliza kabla hujaamka. Upepo wa chumvi unaunguza ncha za majani, na kuku wa jirani hana habari kwamba ile ni mali ya mtu. Hoteli za watalii kule Utende zilikuwa zinataka mrehani, salata na giligilani, na vilivyoletwa kwa boti kutoka bara vilifika vimenyauka. Sista akaona nafasi. Ndani ya chumba, chini ya taa, miche yake ilikua imesimama, na alipoihamishia bustanini ilikuwa imeshapata nguvu ya kujitetea. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. Ilikuwa pia, naona sasa, mahali pekee alipoweza kukagua kila kitu mwenyewe.

Duka la vifaa vya umeme tulilolitumia wote wawili lilikuwa la bwana mmoja wa Kihindi, mtu wa hapa hapa Kilindoni, mwenye maneno mengi na kumbukumbu kali. Nitamwita Mwenye Duka. Sista akitokea mlangoni, Mwenye Duka aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Karibu, Sista. Leo nimeshitakiwa kwa kosa gani?"

"Bado sijajua. Nitazame kwanza."

Basi alichukua boksi la taa, akaligeuza juu chini, akasoma maandishi madogo kabla ya makubwa. Taa tulizokuwa tukizitafuta ni zile za bodi: bamba jembamba la alumini lililopangwa vitaa vidogo vidogo, ambavyo sisi tulizoea kuviita punje, na nyuma yake kiboksi cha draiva kinachoupunguza umeme wa ukutani uzitoshe zile punje. Kwa macho bodi zote zinafanana. Zote zinawaka, zote zinaumiza jicho. Tofauti iko mahali pasipoonekana, na hapo ndipo uongo unapopenda kukaa.

Siku moja Mwenye Duka, akiwa amechoka kuulizwa, alisema Wallahi taa ile inatoa wati elfu moja kama ilivyoandikwa. Sista akalirudisha boksi mezani polepole.

"Mwache Mungu, baba. Hakuwepo kiwandani."

Mwenye Duka alicheka mpaka akakaa. Tuliipima ile taa hapo hapo kwa mita yangu, na haikufikia hata sehemu ya kumi ya ilichodai. Sista hakukasirika. Alifurahi sana, akatuaga kwa heshima, akaondoka bila kununua kitu. Kwa mwezi mzima kila aliyekutana naye sokoni alihadithiwa. "Kilichoandikwa kwenye boksi," alikuwa akisema, "ni maoni ya mwenye boksi."

Alikuwa na njia yake ya kuchuja wauzaji, na sijaona mwingine akiitumia. Aliwapigia simu wauzaji wa Dar es Salaam mmoja mmoja, akaulizia bodi ya njano ya kuoteshea vitunguu usiku. Hakuna kitu kama hicho duniani. Alikibuni mwenyewe akiwa anamenya viazi. Wauzaji karibu wote wakamjibu ipo mama, imebaki moja, wahi. Kila aliyesema ipo, namba yake ilifutwa. Alipomuuliza Mwenye Duka, yule bwana akasema haipo, na hata kama ingekuwepo asingemshauri ainunue. Tangu siku hiyo Sista aliagizia vitu vyake dukani hapo. Msidhani alimwamini. Alisema tu kwamba mtu huyu anajua kusema hapana, na kwamba huo ni mwanzo.

Mwanzoni kabisa, kabla hajanijua, alikuwa ameuziwa taa za zambarau, zile zenye punje nyekundu na za bluu tu. Muuzaji alimwambia ndizo chakula cha mimea. Miche iliota, hilo hakulikana. Lakini chini ya mwanga ule majani yote yalionekana meusi. Hukuweza kujua lipi lina afya na lipi limeanza kuoza. Kwa muuguzi hilo lilikuwa tusi. Alisema ni sawa na kumlaza mgonjwa gizani kisha kusema anaendelea vizuri. Akazitoa zote, akaanza kutafuta taa nyeupe, na ndipo alipokuja kwangu.

Zambarau ile ilikuwa imeshamletea jambo lingine. Mwanga ulipenya kwenye nyufa za dirisha, na watu waliokuwa wakipita jioni kwenda msikitini wakaanza kuulizana. Wapo waliosema anafuga mizimu. Wenye akili za mjini wakasema anaotesha bangi. Mwenyekiti wa kitongoji akaja alasiri moja na mgambo wawili. Sista alimkaribisha vizuri, akamwomba avue viatu, kisha akamtaka aonje kila jani lililokuwa chumbani. Mwenyekiti akasema anaona kwa macho kwamba ni mboga. Sista akakataa. Alisema macho ya haraka ndiyo yaliyomleta pale, basi atumie na ulimi. Yule mzee akatafuna mrehani, akatafuna salata, akatafuna giligilani, mgambo wakijizuia kucheka. Alitoka na fungu la giligilani mkononi, na Sista akaniambia baadaye, kwa uso mkavu, kwamba bado anataka kujua ni muuzaji gani aliyemtuma.

Nilimwambia hakuna aliyemtuma. Watu waliona mwanga wa ajabu wakashuku, kama yeye anavyoshuku.

"Tofauti ni kwamba mimi nauliza mwenyewe," akasema. "Wao walimtuma mwenyekiti."

Si kwamba shaka yake ilimfaa siku zote. Hapa kwetu mizigo mingi midogo husafiri mikononi mwa watu. Mtu anayetoka Dar anapewa kifurushi, anavuka nacho kutoka bandari ya Nyamisati, anakukabidhi Kilindoni. Huo ni ustaarabu wetu wa kawaida na hakuna anayeufikiria mara mbili. Sista aliufikiria. Alikuwa na hakika kwamba bodi nzuri hubadilishwa njiani. Kwa hiyo alimngojea mbebaji gatini, na pale pale, mbele ya wachukuzi na abiria, alimtaka afungue kifurushi. Bodi ilitolewa kwenye mfuko wake, ikageuzwa huku na huku, ikahesabiwa punje, ikapitishwa mkono kwa mkono, upepo wa kusi ukirusha maji ya chumvi juu ya gati. Baada ya hapo aliifunga tena na kwenda nayo nyumbani, ameridhika.

Bodi zake zilikuwa zikifa mapema. Akasema wauzaji ni wezi. Nilizifungua nikakuta kutu ya kijani kwenye lehemu, hasa kwenye kona, mahali maji yanapopenda kutulia. Nilizitazama kwa siku kadhaa kabla ya kusema neno, maana nilijua ninachotaka kusema hakitapokelewa vizuri. Nilipomweleza kwamba chumvi iliingia gatini, kwa mkono wake mwenyewe, aliichukua bodi, akaikwangua kutu kwa ukucha. Kisha akauliza kama nina ushahidi. Nikachukua vipande viwili visivyo na kutu vya bodi mbovu, kimoja nikakirashia maji ya bahari, kingine nikakiacha, nikaviweka vyote juu ya kabati lake. Wiki zikapita, na kile cha maji ya bahari kikaota kutu ya kijani. Hakusema nimeshinda. Alikwenda sokoni akanunua rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, akaanza kupaka kwenye kila lehemu kwa brashi yake ndogo, akizunguka punje zenyewe bila kuzigusa, kwa mkono uliokuwa umezoea kufunga vidonda vya watoto. Bodi zilizopakwa zilidumu. Gatini aliendelea kufungua vifurushi, lakini ndani ya kibanda cha tiketi.

Ilinichukua muda kugundua kwamba rangi ya kucha alikuwa nayo ya aina mbili. Siku moja, nikibadilisha draiva, niliona kidoa chekundu nyuma ya bodi, kwenye pembe ambayo mtu hatazami. Nikageuza nyingine: kidoa. Alikuwa anaziwekea alama kila nilipozichukua kwenda nazo nyumbani kuzitengeneza, ajue kama nimemrudishia zile zile. Nilizirudisha mahali pake, nikaendelea na draiva. Yeye alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, na wala hakuinua kichwa. Alijua nimeona, na mimi nilijua kwamba anajua. Chai ilipokuja ilikuwa na tangawizi nyingi kuliko kawaida, na maandazi ya moto pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, nadhani. Siwezi kuthibitisha.

Taa zake bora hazikutoka dukani. Hoteli moja ya Utende ilibadilisha taa zake kubwa za nje, na zile za zamani zikarundikwa nyuma ya jiko. Niliziomba. Ndani yake mlikuwa na bodi nene, punje za mwanga mweupe wa baridi, yaani unaoelekea bluu, alumini nzito ya kupoza joto. Vilivyokufa vilikuwa draiva tu, nami nikafunga mpya. Nilipomletea, Sista alizizunguka kama anayezunguka nyoka. Alitaka kujua kwa nini watu wenye fedha watupe kitu kizima. Nikamweleza. Hakuridhika. Akazifunga juu ya mchicha wa kawaida, ambao hata ukifa hakuna hasara, akauacha wiki baada ya wiki, akaja na kidole chake kugusa bamba kama linachemka, akatazama mwanga kwa kamera ya simu aone kama una michirizi, maana draiva mbaya hutetemesha mwanga na kamera huona ambacho jicho halioni. Mchicha ukatoka mfupi, mnene, wa kijani kibichi. Ndipo mrehani ukaruhusiwa.

Nilimuuliza siku hiyo kama sasa ameziamini. Akasema taa haiwezi kujitetea, muulize mmea.

Yeye huyo, aliyekataa kuamini boksi, mtu na kiapo, alikuwa na udhaifu mmoja nilioujua kwa kuchelewa. Kitu cha kuuzwa alikishuku mpaka mwisho. Kitu cha kupewa alikipokea bila swali. Nililijua hilo macho yake yalipoanza kuharibika.

Alianza kwa kulalamika kwamba bodi zimefifia. Nilizipima, hazikuwa zimefifia. Akasema punje za kona zina ukungu. Nikazipangusa, hazikuwa na ukungu. Kisha nikamwona akipaka rangi ya kucha juu ya punje yenyewe, jambo ambalo asingelifanya hata usingizini, na nikaelewa. Madaktari wa macho walipopita kisiwani walimtazama wakamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, aende hospitali Dar es Salaam akatolewe. Walimwambia ni upasuaji mdogo, hauumi, ni dakika chache tu.

Wasingeweza kuchagua maneno mabaya zaidi. Alirudi nyumbani, akasema haendi.

Badala yake, mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha dawa za miti shamba alimpa kichupa cha asali ya nyuki wadogo, akamwambia atie matone machoni. Sista, aliyewakanya akina mama kizazi kizima kwa kuwatia watoto vitu machoni, akatia. Niliingia nikamkuta macho yamevimba, mekundu. Sijawahi kumsemesha mtu mzima kwa ukali kama siku ile. Nilimuuliza kama aliipima ile asali. Nilimuuliza kama aligeuza kichupa kusoma maandishi madogo.

"Yule hakuniuzia," akasema. "Alinipa."

"Na madaktari je? Nao hawakukuuzia kitu."

Alifuta macho kwa pembe ya kanga. Alichosema kisha nilikikumbuka njia nzima ya kurudi kwangu.

"Nimewaambia watu 'haiumi' maisha yangu yote ya kazi, Fundi. Ilikuwa inauma. Nilikuwa nawaambia 'tunamaliza sasa hivi' na hata hatujaanza. Najua tunavyosema. Wewe unataka nikalale pale, nimefumbwa macho, mtu ananiambia maneno yangu mwenyewe?"

Asali aliiacha, uvimbe ukaisha, lakini ukungu ulizidi. Alianza kuigusa miche badala ya kuitazama. Alinusa majani. Alisikiliza mlio wa draiva. Mpishi wa hoteli akaanza kurudisha trei zenye wadudu ambao zamani Sista angewaona akiwa mlangoni. Kila mtu aliyempenda alimwambia aende Dar, na kila aliyemwambia aliulizwa analipwa nini. Nami niliulizwa. Nikaondoka bila kunywa chai, na nikakaa siku nyingi bila kwenda.

Baadhi ya punje kwenye zile taa za hoteli zilikuwa zimeanza kuzimika, na alihitaji bodi moja mpya. Alituma mtu aniite. Nilipofika, nikatoa shikamoo, akaitikia, akasema jambo nisilolitegemea: nichague mwenyewe.

Niliifanya kazi hiyo kama mtihani. Nilimtaka muuzaji, kupitia Mwenye Duka, anipigie picha ya bodi kwa nyuma, maana picha ya mbele ni ya kuuzia. Niliuliza unene wa alumini. Niliuliza draiva ni ya aina gani na inatoa umeme kiasi gani, nikakataa bodi mbili kwa sababu muuzaji alijibu haraka bila kwenda kutazama. Mwenye Duka akanitania kwamba Sista amenizaa mara ya pili. Niliyoichagua ilikuwa na mwanga mweupe wa joto, yaani unaoelekea njano, uliochanganywa na punje chache nyekundu. Ilipofika niliipima: ilikuwa karibu kabisa na ilichodai. Nilipaka lehemu rangi ya kucha mwenyewe. Niliitundika juu ya meza ya pili, nikamwambia apandie trei zake chini yake, nikaondoka nikijiona nimefanya kazi safi kuliko zote.

Hakuniita kwa muda wa kutosha mbegu kuota na kutoa majani ya kweli. Kisha asubuhi moja akatuma niitwe kabla sijafungua kibanda changu.

Chumba kilikuwa wazi, taa zimezimwa, dirisha limefunguliwa, mwanga wa asubuhi tu. Trei za mrehani zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu, safu mbili. Sista alikaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, amevaa gauni lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, akaniambia kwamba nusu ya miche ile ilikuzwa chini ya taa yangu mpya na nusu chini ya zile za hoteli. Safu ipi ni ya taa ipi hakusema. Akataka nimwambie safu ipi iende Utende ikapandwe kwenye bustani ya hoteli, maana yeye haoni.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba aliniambia nichague, na nikachagua. Kama hakuamini, angesema mapema.

"Sikatai kwamba umechagua," akasema. "Nauliza miche."

"Basi niambie ipi ya taa ipi."

"Ukijua ipi ni yako utaiona nzuri. Hata mimi ningeiona nzuri. Tazama tu, uniambie."

Nikainama juu ya meza. Miche ya safu ya kulia ilikuwa mirefu, imewahi kukua, na kwa mtu anayepita ingependeza. Lakini shina lilikuwa jembamba, na nafasi kati ya jani na jani ilikuwa kubwa. Nilipopuliza kidogo miche yote ikalala upande mmoja. Miche ya kushoto ilikuwa mifupi, shina nene, majani yamekaa karibu karibu, ya kijani kilichokoza. Nilipopuliza ilitikisika tu.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuelewa ninachokiona. Mwanga wa joto, ukiwa haufiki kwa nguvu, hurefusha mche. Mwanga wa baridi huufupisha na kuunenepesha. Hakuna aliyekuwa amenionyesha alama yoyote, lakini nilijua, kwa kiasi mtu anavyoweza kujua, kwamba safu ya miche mirefu ni ya taa yangu. Na mbele yangu alikaa mtu ambaye hawezi kuona tofauti. Ningesema safu ya kulia, imewahi, ni mirefu, na yeye angepeleka vidole akakuta kweli ni mirefu.

"Ya kushoto," nikasema. "Ile fupi. Ya kulia imelegea, ukiihamisha itaanguka."

Alinyoosha mkono, akatafuta ukingo wa trei ya kushoto, akapitisha vidole chini yake. Nilimwona akigusa uzi mdogo aliokuwa ameufunga huko, fundo moja. Alikwenda trei ya kulia, akapitisha vidole tena. Huko palikuwa laini, hapana uzi.

"Fupi ni za hoteli," akasema.

"Nilidhani hivyo."

Alirudisha mikono magotini. Nje muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni, na Sista alingoja kelele za magurudumu ziishe.

"Pengine umeitundika taa yako juu mno."

"Pengine. Nitaishusha leo."

"Utaishusha tukirudi."

Nikamuuliza tukirudi kutoka wapi.

"Dar," akasema, kama mtu anayetaja sokoni. "Hospitali. Hutaruhusiwa kuingia wanapokata, nimeshauliza. Utakaa mlangoni. Utaniambia nani aliingia na nani alitoka, na walikuwa na nini mkononi. Wakisema wamemaliza, sitafumbua mpaka uniambie wewe kwamba wamemaliza."

Nilitaka kusema neno la kumtia moyo. Maneno yaliyonijia yote yalikuwa ya kwenye boksi: ni kidogo tu, haiumi, utaona. Nikayaacha.

"Itauma," nikasema. "Sijui kiasi gani."

"Hayo ndiyo maneno," akasema Sista.

Nikainama kuzisogeza zile trei fupi mbali na dirisha, jua lisizipige tukiwa safarini, na mguu wangu ukagonga kitu chini ya meza. Ulikuwa mfuko wake wa safari, umejazwa, zipu imefungwa, na kanga imekunjwa juu yake kwa ajili ya baridi ya kwenye boti. Ulikuwa hapo tangu nilipoingia, pengine tangu jana. Niliutazama, nikamtazama yeye. Alikuwa ameshasimama, mkono mmoja ukutani, akitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

"Beba," akaniambia. "Boti haingoji mtu anayeuliza."

Nikaubeba.